Nafasi Iliyopotea Kwenye Diski: Namna ya Kuitafuta na Kuirudisha

Umenunua laptopu iliyotumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, na muuzaji amekuhakikishia kwamba diski yake ni ya gigabaiti 500. Nyumbani unafungua "This PC" na kukuta C ya gigabaiti 110 hivi, hakuna D wala E. Haupiti muda mrefu, mstari wa C unageuka mwekundu na Windows inalalamika kwamba haina pa kuweka masasisho. Kabla hujarudi dukani kwa hasira, jua kwamba huenda muuzaji hakukudanganya. Inawezekana fundi aliyeiandaa mashine alinakili mfumo mzima kutoka diski ndogo ya gigabaiti 120, na mfumo ulipohamia kwenye diski kubwa ukahama na mipaka yake ya zamani. Zaidi ya gigabaiti 350 zimebaki nyuma yake, hazina jina wala herufi, na hazionekani mahali ambapo mtumiaji wa kawaida huangalia.

Nafasi ya aina hiyo hurudishwa, na mara nyingi bila kupoteza faili hata moja. Maelezo haya ni ya anayetumia Windows 10 au 11. Jambo moja nataka likukae kichwani kabla ya mengine yote: kinachoamua kama kazi itakuwa ya dakika mbili au ya usiku kucha si ukubwa wa nafasi iliyopotea, bali ni mahali ilipo kwenye diski.

Kwanza piga hesabu

Usianze kutafuta kisichokuwepo. Viwanda vya diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huigawa kwa 1,073,741,824 na bado ikaandika "GB" vilevile. Ndiyo maana diski ya 500 huonekana 465, ya 256 huonekana 238, na ya terabaiti 1 huonekana 931. Hakuna kilichopotea hapo na hakuna programu itakayokirudisha, hata ikiwa tangazo lake linaahidi hivyo.

Kuna pia nafasi iliyoliwa ndani ya C yenyewe, na hiyo haihusiani na mipaka ya diski. Ukisasisha Windows kwenda toleo jipya, la zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old, ambayo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, au waweza kuiondoa mapema kupitia Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Faili la hiberfil.sys, ambalo huhifadhi hali ya kompyuta inapolala, nalo hula gigabaiti kadhaa. Kama hutumii usingizi wa aina hiyo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi (andika cmd kwenye utafutaji, kisha uchague "Run as administrator") na uandike:

powercfg /h off

Faili litatoweka papo hapo. Wapo watu ambao haja yao huishia hapa, na sioni sababu ya mtu kugusa mipaka ya diski ikiwa gigabaiti kumi zilizokuwa zikimsumbua zimepatikana kwa amri moja.

Soma ramani kabla ya kugusa chochote

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Litafunguka dirisha la Disk Management. Sehemu ya juu ina orodha, iache. Unachokihitaji kiko chini, zile safu ndefu za visanduku vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kila safu ni diski moja, na kila kisanduku ni patisheni, kwa mpangilio uleule ulivyo kwenye diski.

Mwanzoni mwa diski kuna jedwali dogo linaloandika kila patisheni inaanzia wapi na inaishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, lilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Lina nafasi nne tu za patisheni za msingi, na kwenye diski za kawaida haliwezi kufikia zaidi ya terabaiti 2 hivi. Jedwali la kisasa ni GPT, ambalo kwenye Windows hubeba patisheni hadi 128. Ukitaka kujua lako ni lipi, bofya kwa kitufe cha kulia maandishi ya "Disk 0" upande wa kushoto, chagua Properties, kisha Volumes. Liandike jibu kwenye karatasi, utalihitaji mbele.

Sasa vitazame visanduku. Kwenye mashine ya kisasa utaona kidogo cha megabaiti 100 hadi 300 kinachoitwa EFI System Partition. Hicho ndicho kinachoiwasha kompyuta. Usikifute kwa hali yoyote, hata kama mtu anakuambia hakina kazi. Kisha kuna C. Baada yake mara nyingi kipo kimoja kinachoitwa Recovery Partition. Na ukibahatika, kipo chenye ukanda mweusi juu na neno "Unallocated". Huo weusi ndio nafasi unayoitafuta: haijagawiwa kwa mtu.

Ukiona ukanda wa kijani hafifu wenye maneno "Free space", hilo ni jambo jingine. Nafasi hiyo ni huru, lakini imefungiwa ndani ya patisheni kubwa iitwayo extended, mbinu ya MBR ya kukwepa ule ukomo wa patisheni nne. C haiwezi kuichukua mpaka extended yenyewe ifutwe, na haifutiki ikiwa ndani yake kuna patisheni nyingine yenye mali yako.

Kanuni ya Windows ni moja na haina huruma. C hupanuka kwenda kulia tu, tena kwa nafasi inayopakana nayo moja kwa moja. Ni kama kiwanja: ukitaka kupanua nyumba unachukua ardhi mliyopakana, si ile iliyo ng'ambo ya jirani. Kwa hiyo unapoona "Extend Volume" imefifia na haibofyeki, kompyuta haijaharibika. Inakuambia kuna kitu kimekaa katikati.

Piga picha dirisha hilo kwa simu. Picha hiyo itakuwa na thamani kubwa jambo likienda kombo.

Nakala, umeme na funguo

Toa nakala ya kila usichotaka kukipoteza, uiweke kwenye diski ya nje au mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Kunakili kutoka C kwenda D si kutoa nakala, kwa sababu zote mbili zinakaa kwenye diski moja na jedwali moja.

Umeme ni suala zito kuliko wengi wanavyolichukulia. Kufuta patisheni tupu au kupanua C kwa nafasi inayopakana nayo ni kazi ya sekunde chache. Kuisogeza patisheni yenye data ni kuziandika upya faili zote mahali pengine, na umeme ukikatika katikati, nusu ya patisheni iko hapa na nusu iko kule. Laptopu iwe na betri iliyojaa na bado inakaa na chaji. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiisogezee patisheni. Azima UPS, au chagua njia isiyohitaji kusogeza kitu.

Kama Windows yako ni 11, huenda diski imefungwa kwa usimbaji hata kama hukuwahi kuomba. Tafuta BitLocker au Device encryption kwenye Settings. Ikiwa imewashwa, hakikisha unao ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usiendelee bila huo.

Mwisho, iangalie afya ya diski. CrystalDiskInfo ni programu ya bure. Ikionyesha "Caution" au "Bad", acha habari za kupanua. Nakili mali yako, kisha ununue diski nyingine.

Nafasi ikiwa kulia kwa C

Hii ndiyo hali rahisi. Bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua "Extend Volume", bonyeza Next mpaka Finish. Huna haja ya kuwasha upya.

Ikiwa hatua yoyote itakuonya kwamba diski itageuzwa kuwa "dynamic", kataa. Onyo hilo huja pale Windows inapotaka kuunganisha vipande visivyopakana. Mpango huo wa diski Microsoft yenyewe imeutangaza kuwa wa kuachwa, na kurudi kutoka humo ni kazi nyingine kabisa.

Recovery ikikaa katikati

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndiyo hali ya laptopu niliyoieleza mwanzoni. Mpangilio ni C, kisha Recovery ya megabaiti 500 au zaidi kidogo, kisha bahari ya Unallocated. Microsoft huwashauri watengenezaji waiweke Recovery mara baada ya C, ili Windows iweze kuipanua siku za usoni kwa kukata kidogo kutoka C. Ushauri una maana kwao. Kwako umegeuka kizuizi. Na usiidharau patisheni hiyo: ndiyo inayokuwezesha kutengeneza Windows inapogoma kuwaka. Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 lilishindikana kwenye kompyuta nyingi kwa hitilafu 0x80070643, na sababu ilikuwa kwamba Recovery zao zilikuwa ndogo mno. Microsoft ikalazimika kutoa maelekezo ya kuiongezea megabaiti 250 kwa mkono.

Kwa hiyo tutaiondoa kwa adabu, tupanue C, kisha tuijenge tena mwishoni, kubwa zaidi. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi:

reagentc /info

Jibu litaonyesha njia yenye maneno kama harddisk0\partition4. Hiyo ndiyo diski na namba ya patisheni inayotumika kweli. Iandike, kwa maana baadhi ya kompyuta zina Recovery mbili au tatu, mabaki ya masasisho ya zamani. Kisha:

reagentc /disable

Amri hii huizima na kulirudisha faili lake kuu ndani ya C. Usiamini tu, hakikisha:

dir /a C:\Windows\System32\Recovery

Ukiliona Winre.wim, endelea. Usipoliona, simama hapo. Ukifuta patisheni sasa utakuwa umefuta nakala pekee iliyopo.

Kisha andika diskpart, na ndani yake amri hizi moja moja, ukibadilisha namba kulingana na ulizoziandika:

list disk
select disk 0
list partition
select partition 4
delete partition override
exit

Kabla ya mstari wa delete, linganisha ukubwa unaouona na ule ulio kwenye picha ya simu. Diskpart haiulizi "una uhakika?" na haina kitufe cha kurudi nyuma.

Rudi Disk Management. Unallocated sasa imepakana na C. Chagua Extend Volume, lakini safari hii usichukue yote: kwenye kisanduku cha kiasi, punguza 1000 kutoka tarakimu iliyopendekezwa, maana inahesabiwa kwa megabaiti. Hizo 1000 ndizo zitakuwa Recovery mpya. Kwenye diski ya GPT rudi diskpart uandike:

select disk 0
create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
format quick fs=ntfs label="WinRE"
exit

Ile namba ndefu ni alama ya kimataifa ya patisheni ya aina hiyo, na mstari unaofuata huifanya isipewe herufi wala isifutike kirahisi. Kwenye diski ya MBR, mstari wa create uwe "create partition primary id=27" na mstari wa gpt uuache. Malizia:

reagentc /enable
reagentc /info

Ukiona "Enabled", umemaliza.

Laptopu za zamani zilizotoka kiwandani na Windows 7 au 8 mara nyingi zina patisheni nyingine ya kurejesha, yenye zaidi ya gigabaiti 10, iliyobeba Windows ileile ya siku ile. Ikiwa sasa unatumia Windows 10 au 11 iliyowekwa upya, sioni faida ya kuitunza. Ifute kwa njia hiyohiyo, baada ya kuthibitisha kwa reagentc kwamba si yenyewe inayotumika.

D ikiwa ndiyo kizuizi

Tuseme mpangilio ni C, D yenye faili zako, kisha Unallocated. Ukiwa na diski ya nje ya kutosha, hamishia humo vyote vilivyo kwenye D, bofya D kwa kitufe cha kulia, chagua "Delete Volume", panua C kwa kiasi unachotaka, kisha kwenye kilichobaki tengeneza D mpya kwa "New Simple Volume" na urudishe faili zako. Napendelea njia hii kuliko kusogeza, kwa kuwa kila hatua yake ni fupi na kila wakati kuna mahali ambapo mali yako imekaa salama. Angalizo moja: kama kuna programu ulizoziweka ndani ya D, zitaacha kufanya kazi mpaka D irudi na herufi ileile na vilivyomo vilevile.

Usipokuwa na diski ya nje, chombo cha kusogeza ni GParted, programu huria ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka. Kwanza zima Windows kikamilifu kwa kushikilia Shift unapobofya "Shut down". Bila hivyo huacha diski katika hali ya nusu usingizi na GParted itakataa kuigusa. GParted ikishawaka, unaivuta D kwenda kulia, kisha unaipa C nafasi iliyoachwa wazi, halafu unabofya alama ya tiki. Kabla ya tiki hakuna kilichofanyika, kwa hiyo kagua orodha ya kazi iliyo chini kwa utulivu. Baada ya tiki, kama D ina mamia ya gigabaiti kwenye diski ya kuzunguka, iache ifanye kazi kwa saa nyingi na usiifunge. Patisheni iliyofungwa kwa BitLocker haiwezi kupanuliwa wala kupunguzwa humo; uondoe usimbaji kwanza ukiwa Windows.

Kuna programu za kibiashara za kugawa diski zenye sura ya kupendeza, na baadhi zina toleo la bure linalotosha. Nakala zake za wizi zinazogawiwa kwenye flashi na makundi ya Telegram usiziguse. Programu hizi hupewa mamlaka juu ya diski nzima. Ukiiendesha iliyochezewa na mtu usiyemjua, umemkabidhi kila kitu.

Na pengine huhitaji kuipanua C hata kidogo. Nafasi ikiwa kushoto kwa C, au mbali mno, igeuze kuwa patisheni mpya kwa "New Simple Volume", kisha uhamishie huko folda zinazoijaza C. Bofya Downloads au Videos kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Location, bonyeza Move, na uelekeze kwenye patisheni mpya. Windows itahamisha faili zenyewe. Kuisogeza C ianzie mahali pengine ndilo zoezi lenye hatari kuliko yote kwenye ukurasa huu, na sijaona hali ya nyumbani inayostahili hatari hiyo. Njia nyingine isiyojulikana sana: wakati wa kutengeneza patisheni, badala ya kuipa herufi chagua "Mount in the following empty NTFS folder" na uielekeze kwenye folda tupu ndani ya C, mfano C:\Video. Kuanzia hapo, kila unachokiweka kwenye folda hiyo kinakaa kwenye nafasi ile iliyokuwa imelala.

Linux uliyoijaribu ukaiacha

Wanafunzi wengi huweka Ubuntu kando ya Windows kwa ajili ya somo moja, kisha hawairudii. Patisheni zake huonekana kwenye Disk Management bila herufi na bila jina la mfumo wa faili, na ukizibofya hupewi chaguo jingine ila "Delete Volume". Ni kazi rahisi, lakini mpangilio wa hatua ni muhimu.

Ikiwa kompyuta inawaka kwa UEFI, programu ya kuwashia ya mashine za kisasa, ingia kwanza kwenye mipangilio yake, kwa kubonyeza F2, F10 au Delete inapowaka kutegemea kampuni, na uiweke "Windows Boot Manager" ya kwanza. Washa upya na uhakikishe Windows inafunguka yenyewe bila ile menyu ya kuchagua. Hapo ndipo ufute patisheni za Linux. Kwenye mashine ya zamani ya MBR, menyu ya Linux imejikita mwanzoni mwa diski, na ukiwahi kufuta utaamka na maandishi "grub rescue>" kwenye kioo cheusi. Andaa flashi ya kuwekea Windows mapema. Kompyuta ikiwaka nayo, chagua "Repair your computer", fika kwenye dirisha la amri, uandike:

bootrec /fixmbr

Baada ya hapo fanya ufutaji.

Diski kubwa iliyogota kwenye terabaiti 2

Ukinunua diski ya terabaiti 4 na Windows ikakupa 2 tu, huku zilizobaki ni Unallocated isiyokubali chochote, diski hiyo imewekewa jedwali la MBR. Ikiwa bado ni tupu, futa patisheni zake, bofya jina la diski, chagua "Convert to GPT Disk". Ikiwa ndiyo diski yenye Windows, kuna chombo cha Microsoft kiitwacho mbr2gpt ambacho hugeuza bila kufuta, lakini kompyuta lazima iwe na uwezo wa UEFI. Anza kwa mbr2gpt /validate /allowFullOS, uone kama inakubali kabla ya kuendelea.

Nafasi iliyopotea ikiwa na mali ndani yake

Hili ni tofauti na yote niliyoyasema. Kama jana kulikuwa na D yenye picha na leo kuna Unallocated, au Windows inasema "You need to format the disk before you can use it", usibonyeze chochote. Usitengeneze patisheni mpya, usifomati, na usiendeshe chkdsk. Katika hali nyingi faili bado zipo, na kilichoharibika ni maelezo ya wapi zinaanzia. Fomati ya haraka kwenye SSD ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu Windows huiambia SSD kwamba nafasi hiyo haina kazi tena, na SSD huanza kuisafisha yenyewe.

TestDisk ya Christophe Grenier ni ya bure na imesaidia watu wengi kwa miaka. Iendeshe ukiwa umechagua diski husika, kisha Analyse, kisha Quick Search. Ikiipata patisheni, bonyeza P kuorodhesha faili zilizomo. Ukiziona kwa majina yake, ziweke alama na uzinakili kwenye diski nyingine kwanza. Kuandika jedwali jipya kwa Write kunakuja baadaye. Kama diski inagonga au inatoa sauti ya kukwaruza, ichomoe. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuokoa data, na kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi.

Flashi zilizopungua

Flashi ya gigabaiti 32 iliyotumika kuwekea Linux mara nyingi hurudi ikionyesha megabaiti chache tu. Picha ya mfumo iliyoandikwa humo imekuja na mipaka yake, na Windows inasoma kipande kidogo. Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje, ubaki na hii moja. Ndani ya diskpart andika list disk na uitambue kwa ukubwa; itaonekana 29 au zaidi kidogo. Tuseme ni namba 1:

select disk 1
clean
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
exit

Neno clean hufuta jedwali zima la diski uliyoichagua. Ukichagua 0 badala ya 1, huenda umefuta jedwali la diski ya kompyuta yako, kwa hiyo isome tena namba kabla ya kubonyeza Enter. Kama flashi ni ya redio ya gari au televisheni isiyosoma exFAT, andika fat32 mahali pa exfat, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi, na kwamba kwa muda mrefu Windows imegoma kufomati FAT32 kwa flashi inayozidi gigabaiti 32.

Ipo pia flashi iliyoandikwa "2TB" na kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo haina nafasi ya kurudishwa. Ndani yake kuna chipu ndogo, na kidhibiti kimefundishwa kudanganya ukubwa. Unanakili filamu ishirini, zote zinaonekana, halafu kati ya ishirini hizo zinazofunguka ni mbili. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, programu zinazoijaza data na kuisoma tena, ila uwe umehamisha chochote kilichomo. Muuzaji akikataa kuirudisha, F3 ina chombo kidogo kiitwacho f3fix kinachoweka patisheni yenye ukubwa wa kweli wa chipu, ili angalau isipokee zaidi ya inachoweza kubeba. Itumie kuhamishia nyimbo kwenye gari, usiihifadhie picha za harusi.